Ukeketaji Uingereza: kumlinda binti bila kumshuku kila mama

Uingereza ilipiga marufuku ukeketaji mwaka 1985, lakini mtu wa kwanza kutiwa hatiani alipatikana mwaka 2019: mama mwenye asili ya Uganda, aliyefungwa miaka 11 kwa binti wa miaka mitatu. Ukimya wa miaka 34 uliwapa nguvu waliosema kwamba walimu, madaktari na polisi walikuwa wakifumba macho wasije wakaitwa wabaguzi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu mtoto anayekeketwa hana wa kumsemea. Wanaompeleka kwa ngariba mara nyingi ni walezi wake.

Mwaka 2015 sheria ikakazwa. Mwalimu au mkunga akiambiwa na msichana wa chini ya miaka 18 kwamba amekeketwa, au akiona dalili mwilini, lazima aripoti polisi. Hapo sina ugomvi. Tatizo liko kwenye miongozo inayohesabu asili ya familia na likizo ndefu ya kwenda kwao kuwa dalili za hatari. Mama wa Kisomali aliyeko Bristol akisema anampeleka bintiye kumsalimia bibi, anaulizwa maswali ambayo jirani yake Mzungu anayekwenda Uhispania hatayasikia maisha yake yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walizungumza na familia za Kisomali wakakuta hata wazazi wanaopinga ukeketaji wanajiona washukiwa. Mjamzito aliyekatwa utotoni naye huenda kliniki kupimwa, akajikuta anahojiwa kuhusu mabinti zake. Aliyetendewa ndiye anayeshukiwa.

Upande wa jinsia una utata zaidi. Januari 2015, Jaji James Munby alikiri kwamba tohara ya wavulana hukata zaidi kuliko baadhi ya aina za ukeketaji, zile za kudunga tu kwa sindano kwa mfano. Hata hivyo akasema mzazi wa kawaida anaweza kumtahiri mwanawe bila lawama, ila kwa binti hakuna aina inayovumilika. Tohara ya wavulana ina dini nyuma yake, na wengine huitetea kwa faida za kiafya. Kwetu, ambako jando ni fahari, ulinganisho huu unakera, lakini kukereka si jibu. Na wakati huohuo mwanamke mwenye pesa hupunguzwa mashavu ya uke kwa urembo, waziwazi, katika hospitali binafsi.

Wapo wanaoona afadhali mtu mzima aachiwe uamuzi wake. Dkt. Tatu Kamau, daktari wa Kenya, alilipeleka dai hilo Mahakama Kuu ya Kenya, likatupwa Machi 2021. Nami siungani naye: undumakuwili wa wanaotunga sera haumpunguzii mtoto maumivu.

Ila tazama kesi ya pili iliyofanikiwa. Mwaka 2006 mwanamke mmoja alimpeleka Kenya mtoto wa miaka mitatu, akakeketwa. Siri ilifichuka binti alipofika miaka 16 na kumweleza mwalimu wake; mwanamke yule alitiwa hatiani 2023, akafungwa miaka saba. Kilichofungua kesi ni binti kumwamini mwalimu, na imani hiyo ndiyo inayomomonyoka mama yake anapohojiwa shuleni kwa sababu ya tiketi ya ndege. Miongozo ingeanza na alichosema au kilichoonekana kwa mtoto huyu, si na nchi alikozaliwa bibi yake.