Thaddeus Stevens na ekari 40 zilizokwama

Wanaomlaumu Thaddeus Stevens, mwanasheria na mbunge wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, husema siasa zake zilisukumwa na kisasi. Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanajeshi wa Kusini, yaani majimbo ya watumwa yaliyojitenga, waliteketeza kiwanda chake cha chuma cha Caledonia. Mwaka 1865, akihutubia Lancaster, akataka wamiliki wakubwa wa Kusini wapatao 70,000 wanyang'anywe ardhi, na kila mwanamume mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40.

Lakini tangu 1838 alikuwa amekataa kutia saini katiba mpya ya Pennsylvania kwa sababu iliwanyima Weusi kura. Wakati huo hapakuwa na kiwanda kilichochomwa.

Doa lake mimi naliona kwingine. Mwaka 1821, akiwa wakili kijana mjini Gettysburg, alimtetea mmiliki wa watumwa dhidi ya Charity Butler, mama aliyedai kuwa huru kwa kuwa alikuwa ameishi Pennsylvania miezi sita, muda ambao kwa sheria ya jimbo hilo ulimpa mtumwa uhuru. Stevens akashikilia kwamba miezi hiyo lazima ifuatane. Huwezi kujumlisha safari moja na nyingine. Akashinda, na Charity akarudishwa utumwani pamoja na watoto wake. Watetezi wa Stevens hukumbusha kwamba baadaye aliwatetea watumwa watoro wengi mahakamani. Ni kweli, na nampa heshima yake kwa hilo. Charity halikumfaa kitu.

Kuhusu ardhi, wapinzani wake, wakiwemo wenzake wa chama cha Republican, walikuwa na hoja nzito. Serikali ikizoea kugawa mashamba ya watu, ya nani yatasalimika? Tena Katiba ya Marekani hairuhusu mali ya mhaini ishikiliwe kupita uhai wake. Stevens alijibu kuwa Kusini ni nchi iliyotekwa vitani. Kisheria, jibu hilo halinitoshelezi. Ila kuhusu maisha yenyewe aliona mbali kuliko wote: bila shamba, aliyeachwa huru alirudi kwa bwana yuleyule, akalima kwa kugawana mavuno na kuzama katika madeni.

Muswada wake wa ardhi wa 1867 ulikwama, naye akafariki Agosti 1868. Marekebisho ya 15 ya Katiba yalipolinda kura ya mtu Mweusi mwaka 1870, mwenye shamba bado alikuwa na uwezo wa kumfukuza mkulima wake aliyethubutu kuipiga.