Msifunge kitabu mapema

Uani kwangu hapa Moshi kuna raba ya kufungia noti niliyoivisha kwenye bomba la maji lililopanda ukutani, siku fundi alipokuwa bado hajalifunga. Jumamosi jioni nikamwambia kijana wa kidato cha sita ninayemfundisha fizikia aitoe bila kuikata wala kung'oa bomba. Akashindwa. Kisha nikavisha raba nyingine kwenye chungwa, katikati kabisa. Ikatulia kidogo, halafu ikateleza na kuchomoka.

"Mwalimu, umeigusa?"

Sikuigusa. Swali hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Fizikia huita uga kitu kilichoenea kila mahali, kama nguvu ya sumaku inayoizunguka sumaku. Milinganyo ya nyuga ina masuluhisho yenye umbo la uzi: uga unajizungusha kwenye mstari mwembamba, na nishati inarundikana katikati. (Si zile nyuzi zinazosemwa kuwa ndizo zinazounda kila chembe; hilo ni somo jingine.) Wanafizikia Nielsen na Olesen waliuandika uzi wa aina hii mwaka 1973, na Abrikosov alikuwa ameshaupata mwaka 1957 ndani ya vipitishaumeme visivyo na ukinzani. Huo ni raba kwenye bomba: hauna pa kutokea.

Lakini uga wa Higgs, ule unaozipa chembe uzito katika ulimwengu tunaoishi, unafanana na chungwa. Uzi wake, unaoitwa uzi wa Z, aliugusia Nambu mwaka 1977 na Vachaspati akauchambua upya mwaka 1992. Unaweza kuteleza. Mahesabu ya kawaida yanaonyesha kwamba ungetulia tu kama namba inayopima mchanganyiko wa nguvu dhaifu na sumaku-umeme ingekaribia 1. Maabara zinatupa takribani 0.23. Hapo wengi hufunga kitabu, na mimi nasema wanakifunga mapema mno.

Ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa kila kitu, si utupu. Kila mtetemo wa uga una nishati yake ya chini kabisa, nusu ya kwanta (kifurushi kimoja cha nishati ya mtetemo huo), ambayo haiondoki hata ukiondoa kila kitu. Uzi ukiwepo, mitetemo yote ya jirani inabadilika kidogo, na lazima uyajumlishe mabadiliko hayo yote. Jumla ya kwanza inakuja haina mwisho, kwa hiyo kuisafisha ni kazi ya subira. Zaidi ya hapo, fermioni nzito (fermioni ni chembe za jamii ya elektroni na kwaki) zinaweza kunaswa ndani ya uzi. Zifikirie kama wapangaji: ndani kodi ni ndogo mno, nje kila mmoja analipa uzito wake mzima. Wakiwa wengi, kuuvunja uzi kunakuwa ghali kuliko kuuacha. Fizikia ya kwanta ile ile tunayoilaumu kwa kutikisa vitu, hapa inaweza kuvishika.

Mwaka 2011 Weigel, Quandt na Graham walipiga hesabu hiyo kwenye toleo lililorahisishwa la nadharia ya chembe. Walikuta kwamba uzi wenye chaji, yaani uliojazwa wapangaji hao, unatulia iwapo kuna fermioni nzito kuliko kwaki topu, chembe ya msingi nzito kuliko zote tunazozijua, ila si lazima ifike mara mbili ya uzito wake. Fermioni hiyo haijaonekana, na sitamdanganya mwanafunzi kuwa imeonekana. Ila Weigel aliifanya kazi hiyo akiwa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini. Kazi hii haidai mashine ya kugonganisha chembe ya kilomita 27 kama ile ya Geneva. Inadai kalamu, kompyuta na mtu asiyechoka. Ndiyo maana inaniuma tunapowaambia vijana wa Moshi na Arusha kwamba fizikia ya kina inafanyika ng'ambo tu, tena kwa Kiingereza tu. Neno "ombwe" tunalo. "Mtetemo" tunao. Kijana wangu alielewa hoja ya wapangaji kabla sijamaliza kuieleza.

"Na wapangaji wakiwa wachache?" akauliza.

Nikamwambia uzi unayeyuka.

Akafungua daftari, akaandika neno moja na kulipigia mstari: wangapi?