Msing'oe injini ya Chevrolet

Ukiwa na gari la zamani la Kimarekani hapa Mwanza, ushauri wa kwanza utakaopewa gereji yoyote, kuanzia Igoma hadi Mkuyuni, ni mmoja: ng'oa injini, funga ya Toyota. Wengi watakutajia 3L, ile dizeli ya Hilux. Ukionekana una hela za kutosha utatajiwa 1HZ, ile dizeli kubwa ya Land Cruiser. "Bosi, spea zake zimejaa kila duka, wewe unateseka bure." Nimeambiwa hivyo tangu nianze kufufua pick-up yangu, Chevrolet C10 ya mwaka 1968, na leo nataka kuupinga ushauri huo waziwazi. Mafundi wanaoutoa ni watu wa kazi, nawaheshimu. Ila wanaijua injini hii kuliko wanavyodhani.

Ni injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, inchi za ujazo 250, yaani lita 4.1. Haina kompyuta wala sensa. Ina kabureta ya Rochester, distribyuta yenye pointi na kondensa, na pampu ya petroli inayosukumwa na kemshafti. Fundi aliyewahi kufungua Land Cruiser FJ40 ya petroli atakuta mpangilio ule ule anaoujua, hata zamu za silinda kuwaka ni zile zile: 1-5-3-6-2-4. Si bahati. Miaka ya 1930 Kiichiro Toyoda na wenzake walinunua Chevrolet, wakaifungua nati kwa nati, wakajifunza. Injini ya kwanza ya Toyota, ile ya Type A ya mwaka 1935, ilitengenezwa kwa kuiga injini ya silinda sita ya Chevrolet. Injini za F zilizoibeba Land Cruiser kwa miongo kadhaa zilirithi mtindo huo huo. Kwa hiyo tunaposhauriana kung'oa Chevrolet ili tufunge Toyota, tunamtoa babu kitandani tumlaze mjukuu.

Nililiona hili kwa macho yangu pale Igogo, kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye Land Cruiser. Alifungua kava ya valvu, akachukua filageji yake, zile bati nyembamba za kupimia nafasi, akitaka kupima tapeti zinazosukuma valvu kama alivyozoea. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii tapeti zake zinajazwa na oili, haina nafasi ya kupima." Akaiweka filageji chini. Akashika kwa vidole viwili ile fimbo ndefu inayosukuma roka, akawa anaizungusha huku mkono mwingine unakaza nati taratibu. Fimbo ilipoanza kuwa nzito vidoleni akasimama, akaniangalia. Nikamwambia aongeze mzunguko mmoja kamili. Valvu ya pili hakuniuliza tena. Ya sita alikuwa anaongea na simu huku anafanya. Huyu ndiye fundi tunayeambiwa hataiweza injini ya Kimarekani!

Hoja ya spea naichukulia kwa uzito, maana ndiyo inayowakatisha tamaa watu. Ni kweli huwezi kutoka asubuhi ukaenda mjini ukanunua ringi za Chevrolet ya 1968. Lakini huko Marekani pick-up hizi zilitengenezwa kwa wingi mno na bado watu wanazifufua, kwa hiyo viwanda vinaendelea kutoa karibu kila kitu chake, kipya. Vitu ambavyo lazima vitoke huko ni vidogo na vyepesi: pointi, kondensa, vifaa vya ndani vya kabureta, ringi, beringi za krenki, raba za breki. Vingi vya hivyo vinaingia kwenye begi la ndugu anayekuja likizo. Vile vizito havina haja ya kuvuka bahari. Egzosi itakunjwa hapa, rejeta itazibuliwa na kuchomelewa hapa, sakafu ya kebini iliyooza itakatwa na kuunganishwa bati jipya hapa. Mwanza ni mji wa meli, reli na viwanda vya samaki. Wachongaji vyuma wake wamezoea kutengeneza kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Panapohitaji umakini ni vipimo. Marekani ya miaka ile ni inchi tupu. Nati ya nusu inchi utaifungua kwa spana ya 13 bila shida, na ya robo tatu inakubali 19. Lakini nati ya 9/16, ambayo utakutana nayo sehemu nyingi, ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na kula kona mpaka nati inakuwa duara. Hapo ndipo watu wanaleta tindo na nyundo, na gari linaanza kuharibika mikononi mwa wanaolitengeneza. Seti moja ya spana za inchi ni ununuzi wa kwanza, kabla hata ya lita moja ya rangi. Na ukifika kwenye kuchonga silinda, hapo usikubali haraka ya mtu. Wachongaji wetu wamezoea ovasaizi, yaani saizi za kupanulia silinda iliyolika, za 0.25, 0.50 na 0.75 za milimita. Pistoni za Chevrolet zinakuja kwa sehemu za elfu za inchi, na ile inayoitwa 30 ni milimita 0.762. Tofauti inaonekana ndogo, ila silinda haisamehe. Pistoni zifike kwanza, zipimwe kwa maikromita mbele yako, ndipo bloku ipande mashine.

Kuna jambo moja ambalo hata wapenzi wa magari ya zamani hawalizungumzi vya kutosha, nalo ni petroli. Injini ya 1968 ilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Ile risasi ilikuwa inalinda siti za valvu za egzosi zisiliwe na joto na kugongwa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Uamuzi mzuri kabisa, risasi inaharibu akili za watoto. Lakini injini yako haikupewa taarifa. Dawa ni kutoboa siti za zamani kwenye silinda hedi na kupachika ringi za chuma kigumu. Kazi hiyo inafanyika hapa hapa mjini, na fundi anayefanya hedi za malori anaielewa. Mwinuko nao una lake: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa sehemu za karibu na usawa wa bahari itamwaga petroli nyingi mpaka plagi ziwe nyeusi. Punguza jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, saizi moja, usisingizie injini.

Kwenye rangi nina neno fupi tu. Usipige rangi ya mwisho karibu na ziwa mwezi unapoandama. Wale wadudu wa ziwani hutoka kwa mawingu wakati huo, na rangi mbichi ni gundi kwao. Subirini.

Na usukani uacheni kushoto. Wapo wanaotaka kuuhamishia kulia ili gari lifanane na mengine. Kuhamisha usukani maana yake ni kukata ukuta wa mbele, kuhamisha pedali na boksi la stelingi, na kuchomelea mahali ambapo uhai wako unategemea chuma ambacho hakijaguswa. Barabara ya Shinyanga unaweza kuiendesha hivyo hivyo, ukiwa na mtu mwenye akili timamu kiti cha kulia wa kukuambia mbele kuna nini, na ukiwa na subira ya kukaa nyuma ya lori.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi bandarini alinibana vizuri. Akasema: mbona MV Victoria, meli ya tangu 1961, ilipofufuliwa na kurudi majini mwaka 2020 ilifungwa injini mpya, na sote tukashangilia? Ni kweli, na mimi nilishangilia. Lakini ile meli inabeba abiria 1,200 kwenda Bukoba, usiku, kwa ratiba. Haki ya abiria kufika salama inashinda mapenzi yetu kwa mashine. Pick-up yangu haina ratiba. Ikikwama Nyegezi nitasukumwa, nitafika nyumbani nimechelewa. Kilichobaki cha thamani ndani yake ni kwamba inaunguruma kama ilivyounguruma ilipotoka kiwandani, na siku ukikata mikono ya injini kwenye chesi ili 3L ikae, hakuna fundi atakayeirudisha hiyo sauti.

Nikiuliza injini zilizong'olewa ziko wapi, jibu huwa ni lile lile: kwenye mzani wa chuma chakavu. Zinauzwa kwa kilo. Basi wewe fundi, mteja akikulazimisha kung'oa, walau mshauri haya: mimina oili kila tundu la plagi, zungusha krenki kwa mkono mara kadhaa, ziba matundu yote, ifunike na uipandishe juu ya mbao mahali pakavu. Fungia kabureta na distribyuta kwenye boksi moja nayo. Na zile namba zilizoko ubavuni mwa bloku ziandikwe kwenye kadi ya gari kwa kalamu ya risasi, kwa sababu atakuja mtu kuitafuta.