Mchoraji na Sehemu Yake katika Mauzo ya Marudio

Wafanyabiashara wengi wa sanaa huuzungumzia mrabaha wa mauzo ya marudio, yaani sehemu ndogo ya bei anayolipwa mchoraji kazi yake inapouzwa upya kupitia dalali au nyumba ya mnada, kana kwamba ni sadaka ya kulazimishwa. Ufaransa iliitambua haki hiyo mwaka 1920, Umoja wa Ulaya ukaieneza kwa agizo la mwaka 2001, na Uingereza ikaanza kuitekeleza mwaka 2006. Uswisi haina haki hiyo, wala Marekani kwa ngazi ya shirikisho. California ilipitisha sheria yake mwaka 1976, lakini mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliitangua kwa karibu mauzo yote.

Hoja za wapinzani si nyepesi. Mnunuzi wa kwanza ndiye aliyehatarisha fedha zake wakati jina la msanii halijavuma, na bei ikiporomoka msanii hamrudishii kitu. Isitoshe, mrabaha huhesabiwa juu ya bei, wala si juu ya faida, kwa hiyo hata anayeuza kwa hasara hukatwa. Hiyo ni kasoro ya kweli.

Hata hivyo, riziki ya mchoraji haifanani na ya wasanii wengine. Mwandishi hulipwa kwa kila nakala, mtunzi wa muziki hulipwa wimbo wake unapopigwa hadharani. Mchoraji ana kitu kimoja tu, na akishakikabidhi, haki ya kukinakili humfaa kidogo. Wala thamani ya kitu hicho haipandi kwa kutundikwa ukutani. Mwaka 1958 mkusanyaji Robert Scull alinunua mchoro wa Robert Rauschenberg kwa dola 900, na mwaka 1973 akauuza mnadani New York kwa dola 85,000. Kati ya miaka hiyo Rauschenberg aliendelea kuchora na kuonyesha kazi zake, na mwaka 1964 alishinda tuzo kuu ya uchoraji katika maonyesho ya Venice. Jasho hilo ndilo lililoupandisha bei mchoro uliokuwa tayari mikononi mwa mwingine, naye hakupata hata senti.

Na kinacholalamikiwa ni kiasi gani hasa? Agizo la Ulaya linaweka asilimia 4 kwa euro 50,000 za kwanza, kisha kiwango hushuka hatua kwa hatua hadi asilimia 0.25 kwa kiasi kinachozidi euro 500,000, na jumla haiwezi kupita euro 12,500. Ukomo huo hufikiwa bei inapogonga euro milioni 2. Kutoka hapo, bei ipande itakavyo, msanii haongezewi chochote. Mwaka 2018 mchoro wa David Hockney uliuzwa New York kwa dola milioni 90.3. Sheria ya huko haikumpa kitu, lakini hata kama ungeuzwa London, angepata euro 12,500 zile zile. Anayedai kwamba kiasi hicho kitawahamisha wauzaji wa kazi kubwa kwenda nchi nyingine, kwanza ahesabu gharama za kufungasha, kusafirisha na kukatia bima mchoro wa mamilioni. Wanaoelemewa kweli ni madalali wadogo, kwa kuwa kiwango cha juu kabisa ndicho kinachoangukia kazi za bei ya chini, na kwao ningependa utaratibu wa malipo urahisishwe.

Upande wa warithi, ambao hulipwa kwa miaka 70 baada ya msanii kufariki, sina utetezi mkubwa. Muda huo ungeweza kupunguzwa bila kumdhulumu aliye hai. Lakini agizo hilo lina kifungu ambacho wawekezaji hukipuuza: msanii anaweza, ndani ya miaka mitatu baada ya mauzo, kumtaka dalali ampe taarifa zinazohitajika ili alipwe. Kwa njia hiyo msanii hupata habari za mauzo ya kazi yake angali hai, na anayenunua baadaye huwa na mtu wa kumuuliza kama mchoro ni halisi na umepitia wapi.