Lesotho na Sauzi: makaburu waliondoka, ubabe je?

Wengi wanaamini ubabe wa Sauzi kwa Lesotho ulikuwa ishu ya ubaguzi wa rangi tu, kwamba makaburu walivyoondoka na ubabe ukaondoka nao. Mimi hapo sikubali moja kwa moja. Cheki ramani, Lesotho imezungukwa na nchi moja pande zote, haina bandari wala jirani mwingine, hela yao, loti, inaenda sawa kwa sawa na randi ya Sauzi na serikali inategemea sana mgao wa ushuru wa SACU, umoja wa forodha wa nchi za kusini mwa Afrika, sasa mtu wa hivyo unamtisha na jeshi la nini?

Desemba 1982 makaburu waliingia Maseru usiku wakaua watu 42, wakimbizi wa ANC, chama kilichokuwa kinapigana na ubaguzi Sauzi, na Wabasotho wenyewe, na waziri mkuu Leabua Jonathan bado hakuinama. Ila January 1986 walipobana mpaka, mafuta na chakula vikakwama, tarehe 20 mwezi huohuo Jenerali Lekhanya wa jeshi la Lesotho akampindua, watu wa ANC wakaanza kufukuzwa nchini, na Oktoba mkataba wa kupeleka maji Gauteng, mkoa wa Johannesburg, ukasainiwa. Kazi iliyoshinda bunduki ilifanywa na mpaka.

Wanaopinga wana hoja nzito, nakubali. Wanasema nia ndo inaamua, maana serikali ya ANC haijawahi kuibana Lesotho vile, maji yanalipiwa mpaka leo, na makubaliano ya SACU ya 2002 yanataka ushuru upangwe kwa pamoja, sio na Sauzi peke yake kama zamani. Kweli kabisa, na kwa mtu wa Maseru hiyo tofauti ni kubwa mno.

Lakini njoo 1998. Uchaguzi unagombaniwa, rais wa Sauzi Mandela na makamu wake Mbeki wote wako nje ya nchi, waziri Buthelezi anakaimu urais, na Septemba wanajeshi wa Sauzi wanavuka, Botswana wakafuata, kwa jina la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Ndio, waziri mkuu wa Lesotho Mosisili mwenyewe aliomba msaada. Ila moja ya sehemu za kwanza kushambuliwa ilikuwa bwawa la Katse, chanzo cha maji ya Gauteng, wanajeshi wa Lesotho wakafia pale, na wakati huo katikati ya Maseru kunaporwa na kuchomwa moto bila ulinzi wa maana. Hiyo haikuwa serikali ya makaburu.