Kura tunapiga sawa, lakini tikiti alitoa nani?

Kila nikisikia "wananchi wameamua" mimi huuliza moja tu, waliamua lini? Manake ukiiangalia vizuri hii siasa yetu, siku ya kura huwa mengi yashaisha zamani, wewe waamka alfajiri wapanga laini mpaka jua lakuchoma utosi, ukifika ndani wapewa karatasi ina majina ambayo hukuulizwa. Unga ushakandwa huko, wewe waulizwa tu ukaangiwe mahamri ama mandazi.

Chukua ugavana wa hapa Mombasa 2022. Upande wa ODM, chama alichokiongoza Raila Odinga, walikuwa wawili wanaitaka tikiti ya chama, Abdulswamad Nassir na Suleiman Shahbal, na kuanzia Likoni mpaka Kisauni kila mtu alikuwa ajua kuwa ukiipata hiyo tikiti ushafika mbali. Tukawa twangoja uteuzi, maskani zimegawanyika, watu hawaamkiani. Mara twasikia Shahbal ameachia, wakubwa wamekaa kikao na yameisha. Sisemi Nassir angeshindwa kwenye uteuzi, pengine angeshinda vizuri tu, lakini hatukuulizwa! Swali kubwa kabisa la mwaka ule, hapa kwetu, lilijibiwa na watu wanaotosha kwenye meza moja.

Halafu karatasi zenyewe zikaja na makosa, IEBC, tume ya uchaguzi, ikaahirisha ugavana wa Mombasa na Kakamega, kwengine wanachagua magavana wao Agosti 9 sisi twangoja mpaka tarehe 29. Ilipofika watu washachoka. Nassir akapata kura 119,083 na mpinzani wake Hassan Omar 98,108, na waliojiandikisha kaunti nzima ni zaidi ya 640,000. Piga hesabu wewe mwenyewe. Yani gavana wetu sote alichaguliwa na chini ya mtu mmoja katika kila watano waliojiandikisha, na sheria yasema sawa, kashinda.

Hapa ndipo nagombana na wenzangu wa barazani, wale wa "ah, washapanga hao, kura yangu ya nini". Urais mwaka huo Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930, tofauti ni laki mbili na elfu thelathini na kitu. Sasa hapa Mombasa peke yake zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakutokea kupiga, hao ni zaidi ya laki tatu, yani waliokaa nyumbani mji huu mmoja wazidi pengo lililoamua rais wa Kenya nzima. Sijui wangempa nani na wala si hoja yangu. Lakini mtu asiniambie kura haina kazi kwa sababu yeye hakuitumia, hivyo ni vitu viwili tofauti bana.

Kilichonichosha mimi ni kile kipande cha baada ya kura, na hapo hata wale waliojitokeza na jua lote lile hawana la kusema. Wengi hapa walimpa Raila 2022, sawa, akashindwa, kesi ikaenda Mahakama ya Juu ikaisha, tukajua sisi ni upinzani. 2024 Joho, gavana wetu wa zamani na mtu wa ODM, akawa waziri wa madini kwenye serikali hiyo hiyo tuliyoambiwa tuikatae, na Machi 2025 ODM na UDA, chama cha Ruto, wakatia sahihi mkataba kabisa. Labda yana faida kwa Pwani, mimi sikatai, ukiwa ndani ndio wapata kipande. Ila nani alikuja Majengo ama Changamwe kuuliza "jamani, ile kura yenu twaweza kuihamisha?"

Na upande wa pili wasicheke. Gachagua, naibu wa Ruto, aliingia kwa zile zile kura milioni saba, Oktoba 2024 Bunge na Seneti wakamtoa. Katiba yaruhusu, lakini mpiga kura wake alikuwa mtazamaji wa TV kama mimi.

Pale ambapo niliona raia wa kawaida wameamua kweli ni Juni 2024. Wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, watu wakajaa barabarani, na kesho yake rais akasema hatii sahihi. Hakukuwa na debe hapo. Watu walikufa, kwa hivyo siwezi kuja hapa nikasema ndio njia, haiwezekani kila mara mtu alipe kwa damu ndio asikizwe kitu ambacho mbunge wake angekisikiza bure.

Kwa hivyo mimi 2027 nguvu zangu naziweka kwenye uteuzi, Agosti baadaye. Sheria ya vyama yawapa nafasi ya kutumia wajumbe badala ya wanachama wote, na wajumbe ni wachache, hupatikana kwa chai tu. Mheshimiwa yeyote atakayekuja mtaani kwetu na fulana na lesso, kabla hajaniambia habari ya maji na barabara aniambie kwanza tikiti yake ataipata vipi, kwa kura zetu, kwa wajumbe, ama kwa simu ya mkubwa.