Posta hadi Kariakoo kwa miguu msimu wa kaskazi: kivuli kiko wapi?

Wageni wa Desemba wanapouliza namna ya kuuona mji wa Dar es Salaam, wenyeji hugawanyika. Wapo wanaosema panda gari, jua la kaskazi si la kutembea, na kama ni lazima utembee basi subiri kipupwe cha Juni. Wengine wanasema Feri (penye soko la samaki), Posta na Kariakoo ni pua na mdomo, beba maji uende. Kila upande una hoja nzito. Kosa lao ni moja: wote wanalizungumza joto la mjini kana kwamba ni lile lile kila mtaa na kila saa.

Tuanze na wanaokataza, maana hoja zao ni za afya. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 24. Julai asubuhi huwa karibu nyuzi 19. Ukizisoma namba hizo peke yake, 31 haitishi. Kinachochosha ni unyevu. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho linachuruzika tu, maji yanakutoka na ngozi haipoi. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida katika hali hiyo hupoteza nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Chupa moja ndogo aliyonunua Feri huenda isimtoshe hata kwa saa moja.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi, ingawa haisemwi sana: saa za nafuu hazilingani na saa za milango. Saa moja asubuhi kuna upepo, lakini makumbusho yamefungwa na maduka ya Uhindini, eneo la biashara la katikati ya mji, bado yana makufuli. Milango ikishafunguka, jua nalo limepanda. Jioni joto linapungua, ila ofisi zinafungwa na baadhi ya mitaa ya Posta inabaki tupu, hasa Jumapili. Mtaa mtupu ndipo simu inaponyakuliwa na mtu aliye juu ya pikipiki. Halafu miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Katika mitaa yenye misikiti mingi, kama Kisutu na jirani zake, vibanda vingi vya chakula hufungwa mchana, na kunywa maji hadharani mbele ya waliofunga si adabu. Anayetembea mwezi huo atafute mahali pa faragha pa kunywea, au asubiri baada ya futari, wakati mitaa hiyo inapochangamka.

Sasa wanaoruhusu. Watu husahau kwamba Dar es Salaam humzuia mtembezi kwa mvua kuliko kwa jua. Vuli huishia Desemba na masika huanza Machi. Januari na Februari ni dirisha kavu. Joto unaweza kulikwepa kwa kuhama upande wa barabara. Mtaro uliofurika na kufunika shimo lisilo na mfuniko huukwepi, kwa sababu huuoni. Isitoshe, gari halionyeshi kitu. Foleni ya Posta inakuweka dakika ishirini nyuma ya lori, na kutoka kwenye kiti huwezi kusoma miaka iliyochongwa juu ya vipaji vya nyuso vya majengo ya zamani ya Uhindini. Mwendokasi, mfumo wa mabasi yenye njia zake ulioanza kubeba abiria mwaka 2016, unafaa kukuleta mjini na kukuondoa, si kukuonyesha mji. Na msimu wenyewe una yake: maembe yamejaa, mikrismasi imechanua nyekundu, madafu yako kila kona.

Mzani unaanza kuinama ukilitazama jua lenyewe, yaani liko upande gani wa anga. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la mchana halisimami juu ya utosi bali huegemea kusini, upande wa bandari. Barabara ya Samora inaanzia upande wa kaskazini mashariki, inapita kwenye Sanamu ya Askari na kushuka kusini magharibi hadi Mnara wa Saa. Kwa hiyo Desemba na Januari, tangu asubuhi hadi mchana, upande wa bandari ndio wenye kivuli, maana majengo yake yanasimama kati yako na jua. Jengo la mita 15 hutupa kivuli cha kama mita nne na nusu saa sita na nusu mchana, kinachotosha kufunika njia ya miguu. Anayetembea upande wa pili yuko juani bila sababu.

Mambo hubadilika Februari ikielekea mwisho. Siku za mwanzo za Machi jua linapita wima kabisa juu ya mji, na saa sita na nusu ghorofa la mita 60 halina kivuli cha maana kuliko kibanda cha kahawa. Hapo kinachosaidia ni kitu kilicho juu ya kichwa chako: mti, varanda, turubai, mwavuli. Alasiri nayo ina kanuni yake. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, msimu huu jua linashuka karibu sawasawa na mstari wa Samora, hivyo pande zote mbili zinaungua na anayeelekea Mnara wa Saa linampiga usoni. Ingia kwenye mitaa inayokata, kama Zanaki, ushike upande wa magharibi. Asubuhi, katika mitaa hiyo hiyo, shika upande wa mashariki. Ukilazimika kupita Samora jioni, toka Mnara wa Saa kuelekea Askari, jua likiwa mgongoni.

Lakini jua ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni historia ya nani alipewa kivuli. Sultani Majid bin Said alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860, na Boma la Kale ni masalia ya wakati huo. Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891, wakaugawa mji kwa aina za majengo. Waingereza wakaimarisha mgawanyo huo. Uzunguni, upande wa mashariki kuelekea baharini, palipewa viwanja vikubwa, bustani na miti kando ya barabara. Uhindini palikuwa na nyumba za biashara zilizobanana. Waafrika walipelekwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Katikati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili kutenganisha watu.

Mtembezi wa leo anaukuta mgawanyo huo kwenye ngozi yake. Kuzunguka Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893, na Makumbusho ya Taifa, unaweza kutembea mchana chini ya matawi. Ukivuka Mnazi Mmoja saa saba mchana, kivuli kiko pembeni tu. Uhindini ulikuwa na suluhisho lake: varanda zilizoungana, ghorofa ya juu ikitokeza mbele juu ya njia ya miguu, hata mtu akapita mtaa mzima bila kuguswa na jua wala mvua. Majengo mengi ya namna hiyo yamebomolewa na badala yake yamesimama maghorofa ya vioo, yenye ukuta ulionyooka na ngazi zinazoingia ndani ya njia. Hapo unapata hasara tatu kwa pamoja: varanda haipo, kioo kinarudisha jua upande wako, na viyoyozi vinakupulizia hewa ya moto. Tunalihesabu hilo kuwa kosa la mipango kubwa kuliko joto lenyewe, kwa sababu kaskazi huja na kuondoka, na ukuta unabaki.

Hata machinga wana sehemu katika hesabu hii. Walipoondolewa kando ya barabara mwishoni mwa mwaka 2021, njia zilifunguka na kupitika. Zilifunguka kwa jua pia, maana miavuli na maturubai yao yalikuwa paa la bure. Hii haimaanishi waachwe wazibe njia yote. Mwenye kiti cha magurudumu hakuwa na pa kupita. Ila aliyeondoa paa alipaswa kuweka jingine.

Kama ni kutembea, basi, tunashauri mji ukatwe vipande viwili na mchana uachwe. Anza Feri saa kumi na mbili na nusu, mnada wa samaki ukiwa umepamba moto. Vaa viatu vya kufunika vyenye soli inayoshika. Sakafu ya soko ni maji na magamba, na kandambili zitakuangusha. Kutoka hapo fuata Barabara ya Kivukoni kandokando ya bandari hadi Kanisa la Kilutheri la Azania Front, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote ya zama za Wajerumani, halafu Boma la Kale. Ni kama kilomita moja na nusu. Usielekeze kamera Ikulu wala kwenye shughuli za bandari. Saa tatu uwe umemaliza, umekaa mahali na kikombe cha kahawa na kashata.

Saa nne hadi saa tisa ni za ndani au za chini ya miti. Makumbusho yanatosha kula saa mbili, ukianzia na habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Bustani ya Mimea iko jirani. Kipande cha pili kianze saa kumi na nusu: Kisutu, Mtaa wa Jamhuri, Mtaa wa Indira Gandhi na vichochoro vyake, umalize kabla giza halijatanda kwenye mitaa ya ofisi.

Kariakoo usiiunganishe na siku hiyo. Wengi wanaozidiwa ni wale waliotaka kumaliza yote kwa mkupuo, wakaingia Mtaa wa Kongo saa nane, ndani ya msongamano usio na upepo. Ipe asubuhi yake, saa mbili hadi saa nne. Ukiwa huko, litazame paa la soko kuu lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Ni miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua, inayoacha hewa ipite na kukusanya maji ya mvua. Moto uliliunguza soko Julai 2021, lakini wazo lile bado ni jibu bora la joto lililowahi kujengwa katika mji huu, na hakuna ghorofa jipya lililoliiga.

Maji: nusu lita kwa kila saa, kwa mafunda, kabla kiu haijafika. Dafu husaidia, ila chumvi yake haitoshi. Ukitoka jasho jingi kula na kitu cha chumvi. Juisi ya miwa ni tamu, lakini uliza barafu imetoka wapi. Mwavuli una faida kuliko kofia kuanzia mwisho wa Februari, isipokuwa Kariakoo, ambako utachoma macho ya watu. Misuli ya shavu la mguu ikikaza, kichwa kikiuma au kichefuchefu kikija, acha safari, kaa kivulini, kunywa, lowesha shingo na kwapa. Mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, hilo si suala la kupumzika tena: mwagie maji mwili mzima, mpepee, na mtafutie gari la kwenda hospitali wakati huo huo.